Risasi Nyepesi ya Uluguru

Utotoni mwetu Morogoro, ulanga, yale madini ya kung'aa yanayobanduka, ndio ulikuwa kioo chetu. Siku za soko mjomba alikuwa akishuka kutoka milimani Uluguru, na mfukoni hakukosa vipande viwili vitatu. Tulivibandua kwa ukucha, ngozi baada ya ngozi, mpaka ikabaki nyembamba kuliko karatasi ya daftari, kisha tukaiweka jichoni na kutazama dunia ikigeuka rangi ya chai. Mjomba alisema mashimo ya ulanga yalianza enzi za Mjerumani. Alisema pia kwamba wazee walikuwa wakikuta humo mawe meusi, mazito kuliko yanavyoonekana, na kwamba hakuna aliyejua ni ya nini. Yale mawe meusi sikuyatilia maanani hata kidogo. Mtoto atashika jiwe jeusi la nini wakati mkononi ana ulanga?

Yalinirudia miaka mingi baadaye, nikiwa mwalimu wa kemia, kwa sababu ya swali la mwanafunzi wa kidato cha tatu.

Tulikuwa kwenye hesabu za moli, kipimo cha kuhesabia atomu kwa uzito. Akanyoosha mkono. "Samahani, Mwalimu. Jedwali la ukutani linasema uzito wa atomu ya risasi ni 207.2. Kwenye simu ya dada yangu risasi imeandikiwa namba mbili, 206.14 na 207.94. Ya kweli ni ipi?"

Nikamjibu atumie 207 iliyo kwenye karatasi ya mtihani, nikaendelea na somo. Jioni jibu hilo lilinikaa vibaya moyoni. Mtoto aliuliza ukweli uko wapi, mimi nikamwambia maksi ziko wapi. Nikaanza kusoma, na siku chache baadaye, katikati ya jedwali la vipimo vilivyofanywa Vienna, Austria, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, nikakutana na neno ambalo sikulitarajia: Morogoro.

Nianze na swali lenyewe, maana bila hilo habari ya Vienna haina ladha.

Kinachoifanya risasi iwe risasi ni chembe 82 ziitwazo protoni ndani ya kiini cha atomu yake. Idadi ya chembe nyingine za humo, nyutroni, inaweza kutofautiana, na atomu zenye protoni sawa lakini nyutroni tofauti ndizo tunazoziita isotopu. Risasi ya asili ina isotopu nne, kila moja ikiitwa kwa jumla ya protoni na nyutroni zake: 204, 206, 207 na 208. Kikemia zote zina tabia ileile. Zote zitayeyuka kwenye asidi ya naitriki, zote zitatoa chumvi nyeupe ukizikutanisha na klorini. Ila uzito haulingani.

Fikiria debe la maharage ya mchanganyiko, madogo na makubwa. Mtu akikuuliza punje moja ina uzito gani, utapima debe zima, utahesabu punje, utagawanya. Wastani utakaopata ni wa debe hilo. Debe la shamba la jirani, aliyepanda mbegu kubwa kwa wingi, litakupa wastani mwingine, na hakuna kati yenu aliyekosea kupima. Namba tunayowakaririsha watoto kama uzito wa atomu ni wastani wa debe. Kwa risasi ya kawaida, debe hilo lina takribani 1.4% ya isotopu 204, 24.1% ya 206, 22.1% ya 207 na 52.4% ya 208. Piga hesabu, unapata 207.2.

Na hapa risasi inazipita elementi karibu zote: debe lake bado linajazwa. Isotopu 204 ni ya zamani kuliko Dunia yenyewe, haiongezeki. Hizo tatu nyingine, sehemu yake ilikuwepo tangu mwanzo na sehemu inazaliwa mpaka leo, hata wakati ukisoma sentensi hii. Urani 238, elementi yenye mionzi, huoza hatua kwa hatua mpaka ikaishia kuwa risasi 206, na nusu yake huisha kwa takribani miaka bilioni 4.5. Urani 235 huishia kuwa risasi 207, nayo ina haraka zaidi: nusu huisha kwa miaka kama milioni 700. Thori 232, elementi nyingine yenye mionzi, huishia kuwa risasi 208 kwa mwendo wa taratibu mno, miaka bilioni 14 kwa nusu. Kwa hiyo risasi iliyokaa ndani ya jiwe la urani hupokea 206 kwa wingi na kuwa nyepesi. Iliyokaa na thori hupokea 208 na kuwa nzito. Iliyojitenga mapema ikawa madini yake yenyewe, mbali na urani na thori, hubaki na mchanganyiko ilioondoka nao.

Leo haya yanaelezeka ubaoni kwa dakika kumi. Mwaka 1913 yalikuwa karibu na uzushi.

Kwa karne nzima wanakemia walikuwa wamepima uzito wa atomu kwa imani kwamba kila elementi ina namba yake moja. William Prout, daktari Mwingereza, alidai mwaka 1815 kwamba uzito wote ni mafungu kamili ya uzito wa hidrojeni. Jean Stas wa Ubelgiji akaja kupima kwa makini kuliko wote waliomtangulia, akaonyesha kuwa si kweli, kwa mfano klorini iko karibu na 35.5 na haisogei. Klorini ya asili, tunajua sasa, ni robo tatu isotopu 35 na robo moja isotopu 37, na imechanganyika vizuri hivi kwamba Stas angeichota baharini au mgodini angepata namba ileile kwa mizani ya wakati wake. Mchanganyiko ulikuwa sawasawa mno, ndiyo maana ulijificha.

Frederick Soddy, aliyekuwa akifanya kazi Glasgow, ndiye aliyesema wazi kwamba atomu zenye uzito tofauti zinaweza kukaa kwenye chumba kimoja cha jedwali la elementi. Neno isotopu, kwa maana ya mahali palepale, alipewa na daktari mmoja aliyeitwa Margaret Todd, akalichapisha Desemba 1913. Kazimierz Fajans, Mpolandi aliyekuwa Karlsruhe, alifikia wazo hilohilo kwa njia yake. Wazo lilikuwa na utabiri unaopimika. Elementi ya radi (radium), uzao wa urani, ina uzito wa 226. Ikitoa chembe tano za heli, kila moja uzito 4, kinachobaki ni risasi ya 206. Thori ni 232, ikitoa sita inabaki risasi ya 208. Risasi ya madukani ilikuwa 207.2. Basi atafutwe mtu mwenye mizani.

Mwenye mizani kuliko wote alikuwa Theodore Richards wa Harvard, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1914 kwa kupima uzito wa atomu wa elementi nyingi. Fajans alimtuma kwake mwanafunzi wake, Max Lembert, akiwa na risasi za madini yenye mionzi. Paris, Maurice Curie alikuwa akipima zake. Na Vienna, kwenye Taasisi ya Radi, walikuwepo wawili: Otto Hönigschmid, ambaye alishawahi kufanya kazi kwenye maabara ya Richards, na Stefanie Horovitz, msichana wa Warsaw aliyezaliwa 1887 na ndiyo kwanza anamaliza udaktari wake wa kemia.

Nakaa kidogo na Horovitz, kwa sababu kazi ya mikono ilikuwa yake kwa sehemu kubwa, na kazi yenyewe inatisha ukiijua. Unasaga jiwe, unaliyeyusha kwa asidi, unaitoa risasi katikati ya urani na kila takataka nyingine. Unaisafisha kwa kuifanya fuwele, unaiyeyusha tena, unaifanya fuwele tena, mara nyingi, mpaka uwe na hakika hakuna kitu kingine. Unaigeuza kuwa kloridi ya risasi, unaikausha kabisa maana tone la unyevu litaharibu wiki nzima, unaipima. Kisha unaiyeyusha, unatia metali ya fedha iliyopimwa, klorini yote inashuka chini ikiwa mashapo meupe ya kloridi ya fedha. Kutokana na kiasi cha fedha kilichotosha unajua klorini ilikuwa kiasi gani, na kutokana na klorini unajua risasi. Hakuna mashine inayokuambia jibu. Yote ni mizani, mkono na subira, na unatafuta tofauti ambayo haifiki asilimia moja.

Walianza na madini ya Joachimsthal huko Bohemia, mgodi uleule uliotoa mabaki ambayo Marie Curie aliyatumia kupata radi. Wakapata 206.736. Tayari ilikuwa chini ya 207.2, zaidi ya kosa lolote la mizani. Lakini mpinzani angeweza kusema: hiyo si 206 na si 207, ni kitu gani hicho? Shida ilikuwa jiwe. Madini ya Joachimsthal yamekaa pamoja na risasi ya kawaida, kwa hiyo debe lilikuwa limechanganywa na maharage ya jirani. Walihitaji urani iliyojifanya fuwele safi, yenye umri mkubwa, isiyo na risasi ya kawaida na karibu bila thori.

Jiwe la namna hiyo lilikuwa Morogoro.

Kwenye milima yetu ulanga unapatikana ndani ya mishipa ya miamba yenye fuwele kubwakubwa, na humohumo ndimo yalimokaa yale mawe meusi mazito ya mjomba. Ni uraninaiti, oksidi ya urani. Willy Marckwald, mkemia wa Berlin, alikuwa ameshayachunguza mwaka 1906, mwaka mmoja kabla reli haijafika Morogoro, na ndani yake akakuta pia madini mapya ya rangi ya njano ambayo aliyapa jina rutherfordini, kwa heshima ya Ernest Rutherford. Kwa hiyo jina la baba wa kiini cha atomu liko kwenye madini ambayo kwao ni Uluguru. Nimeishi Morogoro nusu ya maisha yangu na sikuwahi kulisikia neno hilo darasani, wala nikiwa mwanafunzi wala nikiwa mwalimu.

Horovitz na Hönigschmid walipopima risasi ya fuwele za Morogoro walipata 206.046. Fuwele za Norway ziliwapa 206.063. Kutoka sehemu mbili za dunia zisizojuana, namba mbili zilizokaribiana hivyo, na zote chini ya risasi ya kawaida kwa zaidi ya kizio kizima. Ubishi ulikwisha. Soddy alikuwa akishughulikia upande wa pili, risasi ya madini ya thori kutoka Ceylon (Sri Lanka ya leo), na Hönigschmid alipoipima baadaye alipata 207.77, juu ya ile ya kawaida. Richards naye alipima densiti, yaani uzito kwa ujazo, ya risasi ya urani, akaona imepungua kwa uwiano uleule wa uzito: atomu zinachukua nafasi ileile, ila ni nyepesi. Kilo moja ya risasi ya Morogoro ina atomu nyingi zaidi kuliko kilo ya risasi ya dukani, kwa zaidi kidogo ya nusu asilimia.

Matokeo hayo yalitoka vita vikiwa vimeanza. Wakati Ulaya wanasoma neno Morogoro kama jina la sampuli, huku watu wa Morogoro walikuwa wakibebeshwa mizigo ya majeshi, na Agosti 1916 Waingereza wakaingia mjini. Risasi iliyokuwa ikijulikana hapa siku zile ni ile inayotoka kwenye bunduki. Kiswahili kimeziita zote mbili jina moja, na kila nikisoma miaka hiyo siwezi kuzitenganisha.

Sasa rudi kwenye ile 206.046, kwenye tarakimu za nyuma, kwa sababu ndizo zilizoninyima usingizi kwa furaha. Isotopu 206 peke yake, kwa vipimo vya leo, ina uzito wa 205.974. Ziada ilitoka wapi? Mwaka 1914 mtu angeweza kudhani ni uchafu kidogo wa risasi ya kawaida. Lakini miamba ile ya Uluguru ina umri wa zaidi ya miaka milioni 600, na katika muda huo urani 235, ingawa ni chache, huwa imezalisha risasi 207 kiasi cha kama atomu 6 kwa kila atomu 100 za 206. Nilichukua kalamu. Asilimia 94.3 ya 205.974, ongeza asilimia 5.7 ya 206.976. Nikapata 206.03. Namba ya Horovitz ni 206.046. Kwa mizani, fedha na subira, msichana yule alikuwa amekaribia jibu ambalo sehemu yake ilitoka kwenye isotopu ya urani ambayo hakuna mtu duniani aliyejua kuwa ipo. Francis Aston alikuja kuiona risasi 207 ndani ya madini ya Norway kwa spektrografu ya masi, mashine inayotenganisha atomu kwa uzito wake, mwaka 1929, Rutherford akakisia kwamba lazima iwe na mzazi wake, na Arthur Dempster akaiona urani 235 yenyewe mwaka 1935. Kwenye jiwe la Morogoro alama yake ilikuwa imeshapimwa miaka ishirini kabla.

Horovitz aliiacha kemia baada ya vita. Mwaka 1924 alianzisha Vienna, pamoja na Alice Friedmann, nyumba ya kuwatunza watoto na vijana waliohitaji msaada wa kisaikolojia. Baadaye alirudi Warsaw. Alikuwa Myahudi, na mwaka 1942 aliuawa katika kambi ya Treblinka. Vitabu tulivyosomea vinamtaja Soddy, vinamtaja Aston. Yeye sikumkuta.

Risasi si peke yake. Angalia gesi ya agoni na potasiamu kwenye jedwali la elementi. Agoni, namba 18, ina uzito wa 39.95, na potasiamu inayoifuata ni 39.10 tu. Wanafunzi huuliza kwa nini mkubwa katangulia. Ni kwa sababu agoni ya hewani karibu yote ni isotopu 40, iliyozaliwa na potasiamu 40 ndani ya miamba ikavuja kuja angani. Ni njia hiyohiyo iliyotumika mwaka 1961 kuhesabu umri wa majivu ya volkano ya Oldupai, yaliyolifunika fuvu ambalo Mary Leakey alilipata 1959, na jibu likawa miaka milioni 1.75.

Kuna pia tofauti zisizotokana na mionzi. Maji yenye oksijeni 18 hupata tabu kidogo kupaa na huwahi kudondoka, kwa hiyo mvua na theluji hazina uzito wa oksijeni unaolingana kila mahali. Lonnie Thompson na wenzake walitoboa barafu ya Kilimanjaro mwaka 2000 wakasoma humo hali ya hewa ya maelfu ya miaka. Mahindi na miwa hukusanya kaboni 13 kwa uwiano tofauti na maharage na maua mengi, ndiyo maana asali iliyotiwa sukari ya miwa hujulikana maabara. Na kwa metali ya lithi (lithium) ni mkono wa mtu: isotopu 6 iliondolewa kwa ajili ya mabomu, iliyobaki ikauzwa kama kemikali ya kawaida, hivyo uzito wa lithi kwenye chupa za maabara unaweza kuwa popote kati ya 6.938 na 6.997.

Kamisheni ya kimataifa inayopanga uzito wa atomu, iliyoanza 1899, iliukubali ukweli huu polepole. Kuanzia mwaka 2009 iliamua kwamba elementi kumi, zikiwemo hidrojeni, kaboni, oksijeni na klorini, ziandikiwe mpaka wa chini na wa juu badala ya namba moja. Nyingine zikafuata, na mwaka 2021 ikatangazwa risasi: 206.14 mpaka 207.94. Ndizo namba mbili za simu ya dada yake yule mwanafunzi. Na risasi ya Morogoro, 206.046, iko nje ya mpaka huo wa chini, maana kamisheni huandika kwa ajili ya vitu vya kawaida na kuweka angalizo kwamba yako mawe yasiyo ya kawaida.

Juma lililofuata niliomba radhi darasani. Nikaandika ubaoni 207.2, chini yake 206.046, nikawaambia ya pili inatoka mlima ule pale, nikanyoosha mkono dirishani. Darasa zima liligeuka kutazama Uluguru, ambao wameuona kila siku tangu wazaliwe. Kisha tukapiga hesabu ya moli mara mbili, kwa namba ya mtihani na kwa namba ya mlimani, na yule aliyeuliza ndiye aliyemaliza wa kwanza.

Likizo nilipanda kwa mjomba. Nilimsalimu, nikakaa, nikamsimulia yote: mawe meusi, Vienna, yule msichana, vita. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza akakaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Na jiwe lenyewe, mwanangu, wamelihifadhi?"

Nikamwambia hapana, mjomba. Ili kulipima iliwabidi waliyeyushe.